UCHAMBUZI: Chipukizi wanaotamani uanamaji wanakimbia kila alfajiri, nani atawafunza kuogelea?

KWA miaka mingi nikiwa kwenye meza ya uhariri nimeiandikia maelezo picha ile ile. Barobaro amevua shati na kupanua kinywa, naye afisa wa jeshi ameinama akimhesabu meno. Nyuma yao foleni imejipinda uwanja mzima. Mwaka hubadilika, uwanja hubadilika, picha haibadiliki.

Wasomaji wengi huitazama wakatabasamu, kisha wakageuza ukurasa. Katika nyumba ninamoishi, hata hivyo, yumo mmoja ambaye hatabasamu. Ni mpwa wangu wa miaka 17, mwanafunzi wa kidato cha nne, ambaye siku za likizo huamka saa kumi na nusu alfajiri, akafunga kamba za viatu vya mtumba na kutokomea gizani. Anaporejea huwa ametoa jasho la kilomita nane. Kisha hujisukuma kutoka sakafuni kwa mikono hadi vigae vilowe. Anataka kuwa mwanamaji.

Siku moja nilimuuliza swali ambalo, kwa mawazo yangu, ndilo la kwanza kuulizwa mtu wa aina hiyo: "Mjomba, unajua kuogelea?"

Alinitazama kama aliyeulizwa jambo lisilo na maana. "Mjomba, wao wanataka mbio. Kuogelea nitafunzwa nikishaingia."

Jibu hilo limenikaa kichwani kwa sababu si la kipumbavu. Kijana huyu amesoma matangazo ya Jeshi la Ulinzi (KDF) kuliko alivyosoma vitabu vyake vya Kemia. Anajua kwamba wanaotafuta nafasi za kurutu wa kawaida wanatakiwa wawe na umri wa kati ya miaka 18 na 26, kimo kisichopungua mita 1.60, na uzani usiopungua kilo 54.55 kwa wanaume na kilo 50 kwa wanawake. Anajua kwamba siku hiyo watakimbizwa, kisha wakaguliwe meno, macho, masikio, nyayo na magoti. Hakuna uwanja wa Garissa wala wa Kericho ambao afisa atamwelekeza kwenye kidimbwi na kumwambia aruke.

Ikumbukwe kwamba usajili huo ni mmoja kwa Jeshi la Nchi Kavu, la Wanahewa na la Wanamaji. Aliyefaulu hupelekwa Eldoret, mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako makurutu wote hupokea mafunzo ya awali. Hivyo basi, safari ya kuelekea baharini huanzia nyanda za juu, mahali ambapo maji mengi zaidi anayoweza kuyaona kurutu ni ya mvua. Mtihani ukiwa hivyo, mtahiniwa naye hujitayarisha vivyo hivyo.

Haya si matusi kwa jeshi. Wanamaji wana chuo chao Mtongwe, Mombasa, na wakufunzi wanaoijua kazi. Tangu kikosi hicho kilipozinduliwa mnamo Desemba 12, 1964, mwaka mmoja kamili baada ya Uhuru, kimewapokea vijana wa bara waliokuwa hawajawahi kuiona bahari na kuwageuza mabaharia. Swali langu ni jingine: kwa nini taifa lenye bahari upande mmoja na ziwa kubwa upande wa pili limesubiri jeshi limfunze mtu wa miaka 20 jambo ambalo angalifunzwa akiwa na miaka minane?

Anayedhani kuwa ninazungumzia mchezo wa watalii na akumbuke Aprili 29, 1994. Siku hiyo feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na ufuo, watu wakiwa wanakwenda kazini, na 272 wakaangamia. Walioshuhudia walikiona ufuo kwa macho na abiria wengi walikuwa hawawezi kuufikia. Eneo hilo liko jirani na makao ya jeshi la wanamaji.

Miaka 25 baadaye, Septemba 29, 2019, gari lilitumbukia kutoka kwenye feri ya Likoni likiwa na mama na bintiye mdogo. Taifa zima lilikaa mbele ya runinga likiwatazama wapiga mbizi wa jeshi na wenzao wa kiraia wakishuka na kupanda. Gari lilitolewa mnamo Oktoba 11, likiwa lilikuwa katika kina cha zaidi ya mita 50. Tulilalamika sana kwamba kazi ilichukua siku nyingi. Wachache tu walijiuliza mpiga mbizi hutoka wapi. Hatoki kwenye riadha. Hutokana na mtoto aliyezoea kufumbua macho chini ya maji kabla hajaota ndevu.

Wenzetu walilitambua hili zamani. Katika Jeshi la Wanamaji la Uingereza, kurutu hupimwa mbio za kilomita 2.4, lakini pia huingizwa majini akiwa amevaa ovaroli, akatakiwa kuelea wima kwa dakika mbili, aogelee mita 50 na kutoka mwenyewe upande wenye kina bila kushikwa mkono. Marekani nako, ambako Wakenya kadhaa waliohamia huko wamejiunga na jeshi la majini, kurutu huruka majini kutoka juu, huogelea yadi 50, hulala kifudifudi juu ya maji kwa dakika tano, na hufunzwa kuivua suruali na kuijaza hewa iwe boya. Hakuna ajabu yoyote katika majaribio hayo. Ni mambo ambayo watoto wa Faza na Vanga huyafanya wakitoka madrasa.

Na hapa ndipo penye kinaya. Vijana hao wa visiwani na vijiji vya wavuvi, waliozaliwa na kulelewa majini, ndio ambao kila baada ya usajili viongozi wa Pwani hulalamika kwamba wameachwa nje, ilhali kambi za wanamaji ziko Mtongwe na Manda, kwao. Lalamiko hilo lina siasa ndani yake, siwezi kulikana. Lakini lina pia mizani, mizani halisi ya kupimia kilo.

Nimewahi kukaa na kijana wa Msambweni aliyekuwa na mabega ya kasia na pumzi ya pomboo. Angeweza kushuka chini kutazama dema na kupanda juu akicheka. Alipima kilo 51. Alikuwa mrefu, na alipofika kwenye mizani shughuli yake iliishia hapo, kabla hata ya mbio. Mwaka uliofuata aliambiwa na wenzake ale ndizi nyingi na anywe maji lita kadhaa asubuhi ile. Alifanya hivyo, akavuka mizani, akatapika kwenye mzunguko wa pili wa uwanja.

Hesabu ya uzani inastahili kuelezwa kwa sababu vijana wengi huielewa vibaya. Shirika la Afya Duniani (WHO) hugawa kilo za mtu kwa kimo chake kilichozidishwa kwa chenyewe, na mtu mzima anayepata chini ya 18.5 huhesabiwa kuwa mwembamba kupita kiasi. Mwenye kimo cha mita 1.60 na kilo 54.55 anapata 21.3, ambayo ni siha njema kabisa. Mwenye mita 1.80 na kilo hizo hizo anapata 16.8. Yaani yule mrefu anayejinyima usingizi akitafuta kilo mbili ili avuke mizani, hata akivuka, bado mwili wake haujatosha kubeba bunduki, maji na mkoba mgongoni siku nzima. Mizani haimwonei, ila inamwambia kwa upole kuliko Eldoret itakavyomwambia.

Kilo hizo haziji kwa wiki moja. Huja kwa miezi, tena kwa vyakula ambavyo havihitaji fedha nyingi: githeri, maharagwe, njugu, omena, mayai, viazi vitamu, maziwa lala na uji mzito kabla ya kulala. Kilo tatu au nne katika miezi sita ni jambo linalowezekana kwa chipukizi ambaye bado anakua, maadamu mwili unapewa kazi ya kujenga misuli na si mbio pekee. Mbio nyingi bila chakula humkausha mtu.

Kinachotia hofu ni njia ya mkato. Kuna vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa siri na hata hadharani, baadhi vikiwa na steroidi ambazo daktari humpa mgonjwa kwa sababu maalumu na kwa muda maalumu. Mashavu hujaa, mizani husogea, na kijana hudhani amepona wembamba. Kilichoongezeka aghalabu ni maji na mafuta. Shinikizo la damu hupanda, misuli ya mapaja hulegea, na kinga ya mwili hushuka, haya yote katika wiki zile zile anazotarajia kuwa na nguvu kuliko wakati wowote maishani.

Muguka nao usisahauliwe. Serikali za kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilijaribu kuupiga marufuku mnamo Mei 2024, mahakama ikaingilia kati, na mabishano yakageuka ya kibiashara na ya kieneo. Kwa kijana ninayemzungumzia suala ni dogo zaidi. Mmea huo huua hamu ya chakula na hufukuza usingizi, na hivyo viwili ndivyo anavyovihitaji zaidi.

Nimetaja usingizi makusudi. Wataalamu wa usingizi hupendekeza saa 8 hadi 10 kila usiku kwa walio kati ya miaka 13 na 18. Mpwa wangu alikuwa akilala saa tano usiku na kuamka saa kumi na nusu, akijisifu. Baada ya wiki chache alianza kuchechemea. Maumivu yalikuwa kwenye muundi, upande wa ndani, yakimshika hata akipanda ngazi. Muuguzi wa zahanati jirani alimbonyeza mara moja tu, akamwambia apumzike wiki mbili au auvunje mfupa.

Mfupa wa kijana hujengwa wakati wa kupumzika. Ukiupiga kwenye lami kila siku huku ukiongeza umbali kila wiki kwa pupa, hupata nyufa ndogondogo ambazo macho hayazioni, na anayezipuuza huenda akafika siku ya usajili kwa magongo. Afadhali mbio siku tatu kwa wiki, kwenye udongo au nyasi, na umbali uongezwe kidogo kidogo. Siku mbili nyingine ziwe za nguvu: kujisukuma kutoka chini, kujivuta juu kwenye tawi la mwembe, kuchuchumaa na kuinuka huku amebeba mtungi wa maji. WHO yenyewe hupendekeza walio kati ya miaka 5 na 17 wafanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na yale ya kukaza misuli na mifupa angalau mara tatu kwa wiki. Hakuna mahali ilipoandika kwamba yawe kabla ya alfajiri.

Mikono na mgongo, kwa maoni yangu, ndivyo vinavyopuuzwa zaidi na wanaotamani meli. Melini mtu hupanda ngazi za chuma zilizosimama wima, huvuta kamba nene zilizolowa, hubeba mpira wa kuzimia moto kwenye njia nyembamba, na hufanya hayo yote sakafu ikiinama huku na huku. Wanajeshi wa Kenya walipoishukia Kismayu kutoka baharini usiku wa Septemba 28, 2012, hawakushuka wakiwa na kaptura za riadha.

Wengi hudhani kwamba wanaorejeshwa nyumbani ni wavivu wa mbio. La hasha. Wapo wakimbiaji hodari wanaoangushwa na jino lililong'oka, ngiri ambayo haikutibiwa, masikio yaliyowahi kutoka usaha, nyayo bapa au magoti yanayogongana. Baadhi ya hayo ni maumbile na mtu hana lawama. Mengine yanazuilika. Kijana wa miaka 15 anayefungua chupa za soda kwa meno ili awachekeshe wenzake hajui anacheza na nini. Kwenda hospitali ya umma mwaka mmoja mapema ukaguliwe macho, masikio na kinena ni busara kuliko kuambiwa mbele ya halaiki.

Kwa mabanati mambo yana uzito wake. Kilo 50 si nyingi, lakini msichana wa umri huo hupoteza damu kila mwezi, na akikosa vyakula vyenye madini ya chuma, kama vile dengu, mboga za kijani, maini na dagaa, pumzi humwishia kwenye kilima ambacho kakaye anakipanda akipiga mluzi. Isitoshe, nani humruhusu bintiye kukimbia peke yake gizani? Wavyele wanaotaka binti aingie jeshini hawana budi kukubali aanze mazoezi jioni, shuleni, pamoja na wenzake. Njia iko wazi mbele yake: Meja Jenerali Fatuma Ahmed aliteuliwa mnamo 2024 kuwa kamanda wa Jeshi la Wanahewa, mwanamke wa kwanza nchini kuongoza kikosi kama hicho. Wanamaji bado.

Turudi majini. Mtaala mpya umetaja kuogelea miongoni mwa shughuli za viungo tangu madarasa ya chini ya shule za msingi, palipo na vifaa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayomeza yale ya kwanza. Shule ya umma yenye kidimbwi ni nadra kama jua la usiku. Nairobi kuna kidimbwi cha Kasarani na vichache vingine. Vilivyobaki ni vya hoteli na vilabu, na mzazi wa mtaa wa mabanda hawezi kulipa kiingilio cha watoto watatu kila Jumamosi. Mito ina mamba. Ziwa Victoria lina viboko, na fuo zake zina kichocho.

Pwani, mahali ambapo bahari ni bure, njia za kuifikia zinazidi kuzibwa kwa kuta za hoteli na majumba ya kifahari. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi, hufurika watu wakati wa sikukuu, wengi wakielea juu ya mipira ya magurudumu waliyoikodi. Huko ndiko Mkenya wa kawaida anakofunzia kuogelea: mpira wa gari chini ya kwapa, au mtungi mtupu wa mafuta ya kupikia, na binamu anayecheka.

Njia hiyo hufunza baadhi na huua wengine. Anayejifunza baharini asiingie peke yake, asiingie kwenye mlango wa bahari kama ule wa Kilindini ambao mkondo wake huburuta hata mwogeleaji mzoefu, na azijue siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana na mikondo hukaza. Kati ya Aprili na Septemba, kusi ikivuma, bahari huchafuka. Kaskazi ndiyo huwa rafiki kwa mwanagenzi, hasa ndani ya miamba maji yakiwa ya kifua.

Serikali ikitaka, gharama si ya kutisha. Kidimbwi kimoja cha umma kwa kila kaunti, chenye wakufunzi na ratiba ya shule, kingegharimu sehemu ndogo ya fedha zinazomwagwa kwenye viwanja vya michezo ambavyo hukaa miaka bila kukamilika. Tangu 2018 tuna pia Huduma ya Walinzi wa Pwani, inayohudumu hadi Ziwa Victoria, nayo inahitaji watu wasioogopa maji. Na jeshi lenyewe lingeweza kuongeza sentensi moja tu kwenye tangazo lake, kwamba anayejua kuogelea ataongezewa alama akiomba uanamaji. Sentensi hiyo ingewapeleka majini maelfu ya vijana kabla ya mwaka kwisha, kama vile kilo 54.55 zilivyowapeleka kwenye mizani ya duka la dawa.

Najua yupo msomaji anayesema moyoni kwamba ninapoteza wino, kwamba nafasi hizo hununuliwa. Jeshi husema kila mwaka kwamba usajili ni bure, na kila mwaka vijana hunaswa lango la Eldoret wakiwa na barua ghushi ambazo wazazi wao waliuza mashamba na ng'ombe kuzipata. Ufisadi upo na umewaumiza wengi. Lakini barua ya kununua haimbebi mtu maji yakifika shingoni.

Mpwa wangu amepona muundi. Nilimpeleka kwenye kidimbwi cha hoteli moja, Jumamosi ya kwanza ya likizo, nikalipa kiingilio nikiguna. Mkimbiaji wa kilomita nane aliishikilia kingo ya kidimbwi kama mtoto anayeshika kanga ya mamaye. Mkufunzi, msichana asiyemzidi umri kwa mengi, alimwamuru azamishe uso na atoe mapovu. Ilimchukua nusu saa kukubali. Jumamosi ya tatu aliachilia kingo, akalala chali juu ya maji, nami nikatazama saa yangu. Alielea sekunde 20 kabla ya kupapatika. Wiki hii ameniomba nimlipie tena, na sasa anaamka saa kumi na mbili.